Mguu Ambao Pimamaji Hakuufunga

Fundi mwashi yule, ambaye wenzake walimwita Pimamaji, alikuwa mtu wa kukera. Ukuta ukiinama unene wa ukucha anaubomoa, na aliyeujenga atamtambua siku hiyo. Jina alilipata kwa kile kifaa cha kupimia ulalo, ambacho hakikumtoka mkononi.

Siku shemeji yake, mume wa dada yake, alipoteleza kwenye jukwaa la ujenzi na kuvunjika paja, Pimamaji alipiga kelele kumshinda majeruhi mwenyewe. "Mpakieni! Mnatazama nini?" Wakambeba mzobemzobe, wakamlaza kwenye pikapu ya mchanga. Mguu uliovunjika ukawa unaning'inia na kucheza kila gari lilipoingia shimoni.

"Mguu, shemeji! Mguu!"

"Jikaze, wewe si mwanamume?"

Kiwanja kizima kilijaa mbao, na mafundi wa kupima na kunyoosha walikuwa kumi na wawili. Hakuna aliyeokota hata ubao mmoja akaufunga ule mguu.

Siku ya pili wodini, mgonjwa alikuwa anahema juujuu na kusema ovyo. Alimwita Pimamaji "mama". Pimamaji akacheka. "Umeanza kudeka? Kimevunjika kifua au paja?" Akamwachia machungwa, akarudi kazini bila kumwambia muuguzi neno. Kesho yake alikuta kitanda kitupu, akamkimbilia muuguzi kuuliza. Shemeji alikuwa chumba cha mahututi, mashine ikimpumulia, vidoa vyekundu vimemtapakaa kifuani.

Daktari, mama mmoja mpole, aliwaketisha yeye na dada yake. "Ndani ya mfupa mna mafuta. Mfupa mkubwa ukivunjika, mafuta hayo yanaweza kupenya kwenye damu, yakafika mapafuni na kuziba mishipa midogo. Mapafu yanavimba, yanajaa maji, hewa haipiti vizuri. Humpata hata aliyehudumiwa vyema. Ila mfupa ukiachwa unachezacheza, hatari inazidi. Mguu mliufunga?"

"Huyu kaka yangu?" dada alidakia. "Hawezi kuacha kitu kimepinda, daktari. Lazima aliufunga."

Hapo ndipo pa kusema. Pimamaji akainamisha kichwa, akanyamaza, na daktari akaandika. Aibu ilimwaka masikioni. Kazini alibomoa kuta za watu kwa kosa la unene wa ukucha, na hapa alishindwa kusema neno moja. Kwa siku tisa alikuja hospitali, akasimama dirishani, akatazama kile kifua kikiinuliwa na mashine. Dada akawa anawaambia wageni wote: kaka ndiye aliyemwokoa mume wangu. Kila aliposikia hivyo, alitamani ardhi ipasuke immeze.

Siku ya kumi mashine ikatolewa. Shemeji alikuwa amekonda, sauti inakwaruza.

"Nimeambiwa ulinifunga mguu vizuri," alisema.

Dada alikuwa pale, anamenya chungwa.

"Sikuufunga," Pimamaji akasema. "Ulilia, nikakwambia ujikaze. Na hapa wodini ulipokuwa unatweta, nilikucheka. Daktari alipouliza, nikanyamaza." Machozi yakamtoka, fundi mzima.

Kisu cha dada kikasimama katikati ya chungwa.

"Najua, shemeji," mgonjwa akasema, akipumzika kila baada ya maneno mawili. "Mguu ulikuwa wangu. Nilikuwa nangoja nisikie utasema nini."