Siku Tuliyopima Udongo Maposeni

Harufu ya nyumba ya udongo iliyoungua kisha ikanyeshewa haifanani na harufu nyingine yoyote. Huingia puani kama majivu machungu, nayo hukaa kooni hata ukinywa maji. Ndiyo harufu ya Maposeni ninayoikumbuka tangu nikiwa msichana mdogo, mwaka ule askari wa Wadachi, yaani Wajerumani, walipopita na mienge. Walichoma nyumba, wakachoma vihenge vya mahindi, wakachinja mbuzi wetu na kuwala mbele ya macho yetu. Baba alikuwa amekwisha kuuawa vitani, amejipaka ile dawa ya maji iliyoahidiwa kuzigeuza risasi kuwa maji. Tulibaki watatu: bibi, mama na mimi. Tulilala chini ya ngozi ya ng'ombe iliyotandazwa juu ya miti minne, na mvua za kwanza zilikuwa zimeanza kuonja ardhi. Bibi alikuwa akikohoa damu. Mama alisema mvua kubwa ikitukuta nje, bibi hatauona mwezi mwingine.

Mama alikuwa wa ukoo wa Komba, na kwa desturi yetu Wangoni wanawake wenzake walimwita Nakomba. Alijua udongo. Niwaeleze alivyonieleza, maana si jambo gumu, na yeyote mwenye mikono anaweza kujifunza. Mchanga mzuri ni wa kijitoni, mahali maji yanapopinda. Uchukue ukiwa mbichi, uufinye, kisha ufungue kiganja: ukiacha uchafu mkononi, una matope, uuache. Changarawe ya sakafu iwe ya ukubwa wa harage, isiwe laini sana, ishikane. Udongo wa kukandikia ni wa kichuguu, kwa kuwa mchwa wamekwisha kuuchekecha kwa ajili yako. Ukitumia udongo mwekundu wa mlimani peke yake, ukuta utapasuka ukikauka, na usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi mama aliwagawia majirani kazi: huyu vikapu vya mchanga, yule vya kichuguu, na zamu yao ikifika sisi twende kwao. Zamani kazi ya namna hiyo ililipwa kwa pombe. Mwaka ule hapakuwa na punje ya kuchachusha.

Changarawe aliletewa na Nahaule, jirani yetu, mwanamke mwembamba mwenye mzaha ambao hata njaa haikuumaliza. Mumewe alikuwa amenyongwa bomani Songea kwa kukutwa na dawa ya maji. Akatua kikapu, akamtazama mama akirudisha mchanga kwa mara nyingine.

"Nakomba, unachagua udongo kama anayechagua mume!"

"Mume mbovu nitamrudisha kwao," mama akajibu. "Ukuta mbovu utatuangukia."

Wanawake wakacheka. Kisha mama akatia mchanganyiko wake katika chungu kipana, akajaza maji, akakoroga kwa kijiti. Hapo ndipo penye kazi ya subira. Mchanga hutangulia kushuka, udongo laini huja juu yake, na maji yakitulia unayamwaga taratibu, unapima kwa kidole kama umezidisha hiki au kile. Mtu asikiguse chungu, wala asikanyage kwa kishindo. Kwa hiyo tulikaa tukikizunguka, kimya, tumeinamisha vichwa.

Hivyo ndivyo askari wawili walivyotukuta, na jumbe, mkuu wa kijiji aliyewekwa na Wadachi, nyuma yao. Aliyetangulia alikuwa mtu wa mbali, kovu shingoni. Aliona wanawake, chungu na maji, akaona vita.

"Maji! Bado mnapika maji, washenzi nyie!"

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nahaule alilisikia neno lililomuua mumewe, akainuka, akakimbia. Angebaki ameketi, labda angekuwa hai. Mlio ulikuwa mmoja. Alianguka kifudifudi juu ya changarawe aliyoileta mwenyewe, mkono mmoja ukikwaruza chini kama anayetafuta kitu, kisha ukatulia. Hakuna aliyelia. Tulikuwa tumejifunza kutolia.

Walimfunga mama kwenye nguzo ya nyumba yetu, ambayo bado ilikuwa nguzo na fito tupu. Yule mwenye kovu akammiminia maji ya chungu kichwani, akacheka. "Haya, mama. Tuone risasi yangu ikigeuka." Mama hakujua Kiswahili cha kutosha, alijibu kwa Kingoni kwamba ni udongo, ni udongo tu. Jumbe alielewa kila neno, akatazama miguu yake. Bunduki ikainuliwa. Ndipo bibi, aliyekuwa hawezi kusimama, akajikokota hadi kwenye chungu, akachota tope lililobaki kwa mikono miwili, akalibandika kwenye fito kando ya bega la mama, akalisawazisha kwa kiganja. Akachota tena. Mwanamke mwingine akamfuata, na mwingine. Nami nikachota. Tulikandika tukimzunguka mama, mpaka jumbe akapata sauti: "Afande, wanajenga nyumba."

Askari akatia kidole gumba ukutani, akakifuta kwenye suruali. Hakuomba radhi. Alisema tumekusanyika bila ruhusa, akampiga mama hamsa ishirini, mapigo ishirini na matano ya kiboko, palepale kwenye nguzo, damu ikirukia tope bichi. Walipoondoka tulimzika Nahaule, kisha tukaendelea kukandika, kwa sababu mawingu hayakungoja msiba. Bibi alilala ndani mvua iliponyesha. Ukuta haukupasuka.

Tangu siku ile, mama hakuruhusu tena udongo upimwe kimya. Tulitakiwa kupiga soga kwa sauti, na mtu yeyote akitokea njiani, kumwambia kabla hajauliza: ni udongo huu. Sasa ninaishi Songea mjini. Mchanga huletwa na lori, na saruji imeondoa nusu ya maarifa ya mama; nyumba zetu ni imara kuliko alivyoweza kuota, na hakuna anayepigwa kwa kujenga. Mwezi uliopita nilikuwa nimeinamia ndoo yangu uani, nikingoja mchanga ushuke, dereva wa lori akaingia getini. "Shikamoo, bibi." Kabla sijaitikia, mdomo wangu ulikuwa umekwisha kusema: "Ni udongo, mwanangu. Ni udongo tu."

Kijana akacheka mpaka akaegemea gurudumu. "Najua, bibi. Si nimeuleta mwenyewe?"

"Marahaba," nikamwambia, nikamwacha acheke hadi alipochoka.