Antena ya Baba na Mabati ya Kibugu

Nakumbuka Jumapili moja kule Kibugu, mwanangu, nikiwa nimetoka chuo cha ufundi juzi tu na kichwa kimenivimba. Baba hakuweza tena kutembea hadi kanisani, na ibada ya Kiembu aliyoipenda ilikuja redioni ikikoroma tu. Nikamwahidi antena.

Niliichora kwenye kompyuta: vijiti viwili vya aluminiamu, waya katikati. Programu ikapiga hesabu, ikanionyesha jinsi itakavyonasa mawimbi. Nilijiona mhandisi kamili. Nikaifunga juu ya nyumba, shubiri moja kutoka kwa mabati, upepo usiisumbue. Baba akavaa koti lake la kanisani, akaketi kando ya redio. Ikakoroma kuliko jana.

Nikasema redio ni mbovu. Nikamtolea mchoro niliouchapisha, nikamwambia hesabu haikosei. Akautazama sana, kisha akauliza kwa upole, "Sasa hii nyumba ya kompyuta iko na mabati kama yetu?"

Haikuwa nayo. Nilikuwa nimechora antena ikielea hewani, hakuna paa, hakuna ardhi. Nilijua papo hapo kwamba amenipata, na badala ya kucheka naye nikabeba begi nikashuka Embu mjini. Hasira za bure, na ujana nao una wazimu wake.

Nilikaa huko majuma matatu. Siku nilipoingiza bati kwenye mchoro, ile picha nzuri ya mawimbi ikaharibika mbele ya macho yangu. Nikaipandisha antena kwenye programu hadi ikatengemaa, nikarudi nyumbani, nikaifunga kwenye nguzo ndefu ya mti wa mukima, mbali na paa. Jumapili hiyo sauti ikaja safi. Baba, na koti lake, akaimba kila wimbo, hadi mama akaacha kumenya ndizi akaja kusimama mlangoni.

Baba alisikiliza Jumapili mbili tu, kisha akatutoka. Zile tatu nilizomnyima kwa kiburi zinaniuma hadi leo.

Kwa hiyo chora, mwanangu, na ujaribu kwenye mashine kwanza. Ni kazi nzuri, nami bado naipenda. Lakini kabla ya kuchora, nenda ukalitazame paa la huyo unayemtengenezea. Na mzee akikuonyesha kosa, lirekebishe siku hiyo hiyo, angali amevaa koti. Mungu akujalie mikono yenye ustadi na moyo mwepesi wa kurudi nyumbani, na wale unaowafanyia kazi wakae Jumapili nyingi wakiifaidi.