Klakisoni Niliyoipiga Kwenye Mawe Mekundu

Kosa ni langu, ndugu zangu. Si la waasi, si la askari. Vita ilikuwapo, ndiyo, lakini mkono uliobonyeza ni huu huu ninaoandika nao.

Mimi, au minye kama tunavyosema kwetu, ni muntu wa kuchekwa. Uliza kwetu Songo, kule Uvira, watakuambia: yule kijana anayeota macho wazi! Masomo yangu yaliishia shule ya primere, lakini kichwa kilijaa safari. Basi shofere mmoja, nitamwita Yaya Tomasi, yaani kaka Tomasi, aliponichukua katika kamio yake, lori la mizigo, twende Kindu kuuza ndagala, dagaa kavu za ziwa letu, niliona mbingu zimefunguka.

Kurudi ndiyo ilikuwa shida. Uasi umewaka. Bariere za wenye bunduki huku, bariere kule. Huyu anasema weye ni muasi, yule anasema weye ni wa serikali. Madaraja yamevunjwa, tunazunguka, tunalala njaa. Mwishowe tukamaliza milima, tukashuka katika bonde la Ruzizi.

Kiangazi kile! Nyasi zimeungua, ng'ombe hakuna, muntu hakuna. Kabla ya kufika Nyakabere, kijiji chake Yaya Tomasi, kuna mawe makubwa mekundu, na vumbi lake linaingia mpaka kwenye meno.

Pale alikuwa na desturi yake. Kila safari akifika kwenye mawe, anapiga klakisoni, honi ya kamio, mara tatu. Mke wake, Mama Maria, anakuja barabarani na kibuyu cha maji, anamnawisha uso, maana watoto wao walikuwa wanakimbia na kilio wakiona baba amekuwa mwekundu. Njiani alinisimulia habari hiyo mara ngapi! Nikawa naingoja kama sikukuu.

Lakini siku ile, kwa habari alizopata kwenye bariere ya mwisho, akaniambia, "Leo kimya. Watu wa kijiji wamejificha mu mawe haya, na wenye bunduki wanawatafuta."

"Hata kidogo tu, Yaya? Ajue kama uko muzima?"

"Weye! Atajua nikimugusa na mukono. Nyamaza."

"Ziwa letu nikiliona, nitalia."

"Lia, lakini lia bila sauti, mutoto wa Songo." Akacheka. Sijamsikia akicheka tena.

Motokari ikachemka. Akashuka, akaenda nyuma kuchota maji ya pipa. Nikamwangalia katika kioo: amekonda, mgongo umepinda, shati limechanika begani. Huruma ikanishika. Nikajisemea: hapa hata ndege hakuna, wenye bunduki watatoka wapi? Acha nimfurahishe.

Nikapiga. Mara tatu, vile alivyonisimulia.

Ee Mungu wangu! Sauti iligonga mawe ikaturudilia. Na Mama Maria akatoka. Kumbe alikuwa karibu hivyo! Anakimbia katikati ya majabali, kibuyu mkononi, kitenge kinamvuka, anaita, "Baba Maria! Baba Maria!" Wengine walibaki walipojificha.

Bunduki ikalia upande wa pili. Mara moja tu, akaanguka. Mpaka leo sijui ilikuwa ya nani.

Yaya Tomasi alimfikia kabla minye sijafungua mlango. Maji ya kibuyu yalikuwa yanaingia katika udongo. Akachota yale yaliyobaki kwa kiganja, akawa anamnawisha mke wake uso, anamwambia, "Nimefika. Nimefika, mama."

Tulipokwisha kumzika, akaniuliza mbele ya shemeji zake, kaka za Mama Maria waliotoka mu mawe, "Mudogo wangu, nini ilitokea?"

Shemeji zake walikuwa wameshika mapanga. Nikaogopa. Nikasema, "Nilitaka kusogea kivulini, kiwiko kikagusa."

Mara tatu! Kiwiko gani kinagusa mara tatu?

Alinitazama, akanitazama. Kisha akawageukia. "Huyu mutoto hakukusudia. Muntu asimuguse."

Alijua, ndugu zangu! Alijua, akanifunika.

Sasa niko ng'ambo ya ziwa, sithubutu kurudi. Watu wanafikiri usingizini ninamwona Mama Maria akianguka. Hapana! Ninamwona akikimbia, na ile furaha yote usoni. Furaha ile minye ndiye nilimpa. Ninaamka nimejiziba masikio.

Vijana wenzangu mnaonisoma, ukikatazwa, katazika. Usijifanye kujua furaha ya muntu kuliko yeye mwenyewe. Moyo mwema usiosikia unaua sawasawa na moyo mbaya. Na ukikosa, sema siku ile ile, hata kama mapanga yako mbele yako. Minye nilinyamaza nikapona, na Yaya Tomasi akabeba kifo cha mke wake na uongo wangu juu yake. Mizigo yote miwili alitwikwa siku moja na muntu mumoja, na muntu huyo ni minye, niliyekuwa ninampenda.