Dada yangu amenunua vitenge viwili kwa safari ya meli

Mnifiche jina. Ninaandika haya Julai 2025, nikiwa Kasulu, miaka hamsini na mitatu tangu tulipokimbia mauaji Burundi. Nina miaka sitini na saba, ni mwalimu mstaafu, mke wangu alishatangulia mbele ya haki, na uraia wa Tanzania nilishapewa. Majina ya wengine nimeyaacha. La dada yangu siwezi kulibadili, kwa kuwa kwetu pacha wa kwanza ni Bukuru na wa pili ni Butoyi, wawe wa ukoo wowote. Anayenijua atanijua tu.

Binti yangu anaishi Dar es Salaam. Mungu amempa mapacha, wa kiume na wa kike, sasa wana miezi minane. Amekuja nao likizo na mumewe, na wamelipia safari ya mapumziko kwa meli katika Ziwa Tanganyika: kutoka Kigoma kwenda kaskazini hadi Bujumbura, na kurudi. Anasema vyumba vina vitanda, kuna muziki, kuna hata mahali pa watoto kuchezea. Siku aliyofika alitandika mkeka sebuleni, akawavisha mapacha majaketi ya kuokolea, madogo, ya rangi ya chungwa. Wakakaa pale kama maboga mawili yaliyovunwa jana. Tulicheka wote, nami nilicheka.

"Baba, na wewe tumekukatia tiketi," akasema. "Unakwenda kuona kwenu."

Nikamuuliza, watoto wachanga hivi, wakishikwa na homa katikati ya maji?

"Baba, ndani kuna muuguzi. Watu wanapanda na watoto wadogo kuliko hawa. Hii siyo mitumbwi yenu ya zamani."

Hakusema kwa ubaya. Hajui kitu.

Kwa kuwa mama mmoja hawezi kubeba mapacha peke yake, alimwomba shangazi yake afuatane nao. Huyo ndiye Bukuru, dada yangu, anayelima Murungu, kule Kibondo. Alikuja siku hiyohiyo aliyopigiwa simu, mwanamke asiyependa kuacha shamba lake hata kwa harusi. Alifungua mfuko, akatoa vitenge viwili vipya vya maua ya aina moja. Kimoja akajifunga palepale kupima. Cha pili akakikunja vizuri akakirudisha mfukoni.

Sikuhitaji kuuliza. Kwetu pacha hanunuliwi kitu peke yake. Ukimpa mmoja shanga, mwenzake naye apewe, asije akanung'unika. Dada yangu ameishika mila hiyo tangu usichana wake. Kitambaa cha kichwa, kikombe, kandambili, vyote hununua viwili. Cha pili hukiweka kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Anamwekea Butoyi. Mama alimwambia kwamba wakati wa kukimbia alishindwa kubeba watoto wawili, hivyo Butoyi akaachwa kwa bibi mzaa mama, upande wa Rumonge. Waliorejea Burundi miaka ya nyuma aliwatuma wamuulizie, wakaleta jibu kwamba bibi alishakufa na watu wa kijiji kile walitawanyika. Kwa dada yangu hilo halikuwa jibu. Mtu aliyetawanyika anaweza kupatikana.

Ukweli ninao mimi peke yangu sasa. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na minne. Butoyi hakuachwa. Mama alipanda mtumbwini na wote wawili, mmoja mgongoni, mmoja kifuani. Aliyekuwa kifuani alikuwa na homa tangu tulipoondoka, na kabla hatujafika Kagunga, upande huu wa Tanzania, aliacha kunyonya. Tulimzika pale pale Kagunga, juu kidogo ya mchanga, mimi na baba mmoja tuliyesafiri naye. Mama hakulia. Katika ukoo wetu pacha akifa haliliwi, na aliyebaki haambiwi, asije akamfuata mwenzake. Mama aliketi akamgeuza Bukuru kutoka mgongoni, akampa ziwa, akaniambia, "Usije ukamwambia." Alipokuwa anakata roho hapa Kasulu alinishika mkono na kuyarudia maneno yaleyale.

Juzi tulikuwa tunakula maharage, dada yangu akaniuliza, "Musaza wanje, kaka yangu, unadhani nitamtambua?"

Kabla sijajibu, binti yangu akacheka. "Shangazi, si ujiangalie kwenye kioo? Huyo huyo ndiye unayemtafuta."

"Labda amenenepa," dada yangu akasema. "Wa Rumonge wanakula samaki. Sisi wa Murungu tumekaushwa na jembe."

Wakacheka tena. Mimi nilitoka nje nikajidai naangalia kuku.

Meli inaondoka Jumamosi. Itapita mbele ya Kagunga, muziki ukipigwa, dada yangu akiwa amempakata pacha mmoja, na macho ameyaelekeza mbele, Burundi. Atashuka Bujumbura na kile kitenge cha pili mfukoni, awaulize wanawake sokoni, arudi nacho. Nikinyamaza, nimemwacha amtafute ng'ambo mtu aliyelala upande huu. Nikisema, nimevunja neno la mama, na katika umri wake nimemnyang'anya mtu aliyeishi naye miaka yote. Binti yangu naye, atawapandishaje wanawe melini baada ya kusikia hayo?

Ninyi mnaosoma, na hasa mliozaliwa mapacha, niambieni kabla ya Jumamosi: mngetaka kuambiwa? Nami nianze na yupi, dada au binti?

Tiketi yangu nimeirudisha kwa mkwe wangu. Nilimwambia magoti yananisumbua. Lakini hata magoti yakipona, Burundi sitarudi.