Mkono wa Anayekoroga

Nyanjige hakuwa mtu wa kusitasita. Ukimwambia jambo haliwezekani, alikutazama kama anayesubiri umalize kupiga chafya, kisha akaendelea na shughuli zake. Kazi yake ilikuwa kuchunguza sumu zinazokata vinasaba ndani ya seli za watu, na safari hii alitaka kujua kama dawa ya pamba ni mojawapo. Akaenda kuanzia Lingeka, kijiji alikozaliwa.

Aliwakwangua watu themanini ndani ya mashavu kwa kijiti: wanaume arobaini wanaopuliza dawa, na wanawake arobaini wasiopuliza, wawe wa kulinganishia. Wazee wawili waliuliza mate yao yanapelekwa kwa nani. Nyanjige hakuwacheka, maana swali lilikuwa na haki yake. Aliwaonyesha vioo vyake vya kupimia, akaahidi kuchoma vijiti vyote mbele yao, na mama yake, Minza, akatangulia kufungua mdomo. Baada ya hapo foleni ilijipanga yenyewe.

Kwenye maabara ndogo ya Bariadi alihesabu seli kwa wiki sita mpaka shingo ikakakamaa. Seli nzima ina kiini kimoja. Iliyokatwa vinasaba huwa na kijikiini cha pili pembeni, yaani kipande kilichoachwa nje. Wanaume walikuwa navyo vingi, kama alivyotarajia. Wanawake nao walikuwa navyo vingi vilevile. Alipofungua orodha ya majina, namba iliyoongoza wote ilikuwa ya mama yake.

Msimamizi wake, Dokta Constantine, alimpigia simu kutoka Mwanza kumpa pole. Kama wanaopuliza na wasiopuliza wako sawa, alisema, basi dawa haina kosa, na ndivyo matokeo yatakavyobidi kusomwa kwenye mkutano wa wadau wa pamba Bariadi wiki mbili zijazo. Huenda ni moshi wa jikoni.

"Hesabu zangu ziko sahihi, Dokta," Nyanjige alisema. "Kilichokosewa ni swali. Nipe wiki moja."

Swali lipi, hakujua bado. Lakini alisema kwa sauti ya mtu anayejua, na Dokta akampa wiki.

Alifika Lingeka asubuhi ya kupuliza. Kaka yake Jilala alikuwa amesimama na bomba mgongoni, buti miguuni, kitambaa puani, kajikamilisha kama bwana harusi. Mbele yake Minza aliinamia ndoo, mkono umezama hadi kwenye kiwiko ndani ya maji meupe ya dawa, akikoroga.

Nyanjige alisimama pale akijikasirikia kwelikweli. Hakuona jambo geni hata kidogo. Lingeka kupuliza ni kazi ya mwanaume na kukoroga ni ya mwanamke, na anayekoroga hawezi kusema anapuliza. Alikuwa amewauliza wanawake arobaini, "Unapuliza dawa?" na wote walijibu ukweli. Digrii mbili, na alikuwa ameusahau mkono wake mwenyewe, uliokoroga kila msimu mpaka alipokwenda shule ya bweni.

"Mayu, kwa nini hutumii mti?" alimuuliza mama yake.

"Mti utasahaulika shambani, ng'ombe waulambe," Minza alijibu. "Mkono narudi nao nyumbani."

Siku tatu alizunguka nyumba kwa nyumba na swali jipya: nani anakoroga? Wanawake thelathini na sita walijibu ni wao. Wanne waliobaki hawakulima pamba, na alipotazama daftari lake la hesabu, hao wanne ndio waliokuwa na seli safi. Alikuwa amekipata alichokitafuta, na alifurahi, na alijionea aibu kufurahi.

Jioni alimweleza mama yake yote. Minza aliuliza kama vilivyokatika vinapona.

"Seli za shavu zinabadilika baada ya wiki chache. Ukiacha leo, mpya zitakuja nzima. Kwingine mwilini sijapima, kwa hiyo sitakudanganya."

Minza alimwita Jilala, akamwambia kuanzia kesho akoroge mwenyewe, kwa mti, na ng'ombe awafunge. Jilala alianza kueleza kwamba hiyo ni kazi ya kike. Mama yake alimtazama tu, naye akakumbuka ana shughuli zizini.

Walipobaki wawili, Minza alishika mkono wa binti yake, akaukunjua, akaupapasa toka kiganjani hadi kiwikoni.

"Ulikuwa na miaka tisa," alisema. "Ni mimi niliyekukunjia mikono ya gauni ili isilowe."

"Hukujua, mayu."

"Sasa najua." Hakuuachia ule mkono. "Kwenye mkutano wenu huko Bariadi kuna wanawake wa kusema?"

"Nitasoma mimi."

"Wewe utasoma. Niandike mimi nitakayesema."

Nyanjige alichukua karatasi ya ratiba ya mkutano akaandika jina la Minza, juu ya lake.