Kosa la Kumi na Mbili

Wiki iliyopita nilirudi Kasulu kuifunga nyumba ya baba, tuliyemzika mwezi uliotangulia. Kazi ya mwisho ilikuwa cherehani chake. Mnunuzi alikuwa nje anakisubiri. Nilivuta droo nitoe vifungo na sindano, na chini kabisa nikakuta gazeti lililokunjwa mara nne. Sikuhitaji kulifungua ili nilijue. Niliketi sakafuni, rafiki yangu, nikahisi uchovu wa zamani sana.

Baba alishonea kwenye baraza ya duka la mzee mmoja mwenye asili ya Tanga. Mzee huyo alinunua gazeti moja, likasomwa na watu wote. Lilitoka Dar es Salaam kwa basi, likapita Kibondo kwanza, likatufikia sisi limeshapitwa na siku mbili, vumbi jekundu kingoni. Miaka hiyo, 2012 mpaka 2014, timu yetu ilikuwa ligi ya mkoa, na mashabiki wake waliokaa pale walivunjwa moyo kila wiki. Mara habari yetu haipo. Mara ipo mistari miwili, na bao letu kapewa mtu wa timu nyingine. Mara tumeitwa timu ya Kibondo, wapinzani wetu, na hilo ndilo lililouma kuliko yote.

Gazeti likishasomwa, mwenye duka alifungia dagaa na chumvi. Kurasa nyingine alizichukua jirani yetu, mama mmoja ambaye wazazi wake walikimbia kutoka Burundi, akazikunja vifuko vya kuuzia karanga. Ila baba hakuruhusu ukurasa wa michezo uondoke kabla hajausahihisha kwa kalamu nyekundu. "Uongo usitokee kwetu," alisema. Kwa hiyo mji mzima ulikula karanga juu ya matokeo ya kweli.

Mimi nilikuwa darasa la sita, na mwalimu alikuwa ameusifu mwandiko wangu, basi nikapewa kuandika barua kwa mhariri. Tuliiandaa kwa miezi, kosa baada ya kosa, baba akitamka huku mguu unakanyaga cherehani. Yalifika kumi na moja. Dereva wa basi alikubali kuipeleka Alhamisi, na mimi niliamini kabisa kwamba ikifika, watatuona.

Jumapili kabla ya hapo Kibondo walikuja kwetu. Tulicheza kwenye mvua tukafungwa tatu bila. Niliyaona yote matatu nikiwa nimejifunika kitenge cha mama. Jumatano basi likaleta gazeti: Kasulu yaichapa Kibondo 3-0.

Baraza nzima ililizunguka gazeti. Kisha mwenye duka akacheka taratibu.

"Liandikwalo ndilo liwalo, fundi. Leo ipumzishe hiyo kalamu."

Wengine wakamuunga mkono. Wametuonea mara ngapi, walisema, acha na sisi tuonje. Baba alikuwa ameshika kalamu, kifuniko kimeshatoka. Yule mama wa karanga, ambaye kila swali alilianza kwa neno la kwao, akainua uso kutoka kwenye sufuria.

"Mbega, fundi, na hili nalo mtaliandika kwenye barua?"

Nilimtazama baba nikiomba moyoni asisahihishe. Nilitaka tushinde mara moja tu, hata kwa karatasi, na aibu yake ninayo hadi leo. Akaifunika kalamu. Akalikunja gazeti mara nne, akalitia kwenye droo, wala halikufungiwa karanga.

Alhamisi basi liliondoka bila barua. Gazeti liliendelea kukosea, ila hatukuwa tena na mdomo wa kulalamika. Baba hakusahihisha tena, alishona tu, na watu wakapungua barazani mmoja mmoja.

Siku hizi matokeo yako kwenye simu, na karanga ziko kwenye vifuko vya nailoni. Mwenye duka alishafariki. Mama wa karanga yuko kijijini Kagerankanda kwa mwanawe.

Nikalifungua gazeti. Ndani yake mlikuwa na barua yetu, mwandiko wangu wa kitoto, makosa kumi na moja. Chini yake kuna la kumi na mbili, kwa mkono wa baba, wino mwekundu: "Tulifungwa sisi, tatu bila. Tuliona wote." Sijui aliliandika lini.

Gazeti lile halichapishwi tena, kwa hiyo sina pa kuipeleka. Nimekusomea wewe.