Siku Niliyonuswa na Wazazi

Aibu niliipata, jamani, tena mchana kweupe, mbele ya wazazi wa shule ninayofundisha huku Issenye, na ninawasimulia mwenyewe kabla madereva wa bodaboda hawajawaletea iliyotiwa chumvi.

Nilikuwa ninaomba klabu ya Ijumaa, wanafunzi wakusanye maneno ya Kiisenye, Kinata na Kiikoma, lugha za huku kwetu, kutoka kwa bibi zao. Wazazi wakikataa, jambo limekufa. Mfano wangu ulikuwa lugha za Kiasli, kundi dogo la lugha ndugu za wenyeji wa misitu ya Malaysia, hasa Kijahai, ambacho kina maneno ya harufu kama sisi tulivyo na maneno ya rangi (lipo hata la harufu ya damu inayomvuta chui milia). Ili wazazi wajaribu wenyewe, nikaomba maziwa mgando kwa mama. Alinipa kibuyu, mimi, msomi, nikaona kibuyu kitanishushia hadhi, nikayahamishia kwenye chupa ya plastiki na kukaza kifuniko kwa nguvu zangu zote.

Jua lile, mashimo yale, pikipiki ile! Nilipoifungua mbele yao, chupa ilinitapikia usoni, kwenye nywele nilizotoka kusuka, hadi ndani ya gauni.

"Mwalimu amejikamua!" akapaza sauti mama mmoja, na ukumbi ukaangua kicheko. Mwalimu mkuu akaninong'oneza nikanawe. Nikakataa. Kama ni kunuka, nilishanuka.

"Shikamooni, wazazi wangu," nikasema, maziwa yakinichuruzika kidevuni. "Harufu hii nyumbani mnaiitaje?"

Yule mama akasogea, akaninusa shingoni (sikurudi nyuma hata hatua), akataja neno la Kiisenye. Jirani yake akalikataa: hilo ni la maziwa ya jana, haya ni ya siku tatu, tena ya kibuyu kisichofukizwa vizuri (mama yangu asisikie). Hapo mzee wa mstari wa mbele, aliyekuwa akipinga klabu tangu asubuhi akidai kwamba lugha za nyumbani hazimpi mtoto kazi, akashindwa kuvumilia.

"Nyie Waisenye mnaharibu! Sisi Waikoma hatusemi hivyo," akasimama, naye akaja kuninusa.

Klabu ilipita. Mkono wa mwisho kunyooshwa ulikuwa wake, kwa sharti kwamba Kiikoma kiandikwe kwanza. Nami nimeapa: sitajipamba tena kwenda kuitetea lugha ya mama yangu. Nitakwenda nilivyo, na anayetaka kuziba pua azibe.